Uzee haufuti raha

Wengi hudhani mtu akizeeka raha humwishia, abaki kuhesabu maumivu. Sivyo. Mwaka 2014 watafiti Amit Bhattacharjee na Cassie Mogilner walionyesha kwamba kadiri umri unavyosogea, mambo ya kawaida huzidi kumletea mtu furaha. Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford anaeleza kuwa mtu akihisi muda uliobaki ni mfupi, huchagua yanayomgusa moyo sasa. Ndiyo maana bibi anaweza kuota jua la asubuhi, miguu kainyoosha, akafuatilia ndege mmoja anavyojenga kiota, wala asione amepoteza muda. (Magoti kuuma yanauma, hilo halina ubishi.) Na huzuni ya wiki nyingi mfululizo ipelekwe kwa daktari, isisingiziwe uzee.