Je, wajua wanalipataje badiliko moja bovu la kerneli ya Linux (kiini cha mfumo kinachoendesha kompyuta) kati ya elfu kumi na kitu, mashine ikigoma kuwaka?

Ubuntu, mfumo wa Linux ulio kwenye laptopu yako, imejiapdeti usiku, asubuhi unawasha laptopu inaleta skrini nyeusi yenye maandishi meupe, mstari wa chini umeandikwa Kernel panic - not syncing, na taa ya Caps Lock inawaka inazima inawaka inazima. Ubonyeze chochote, haijibu. Ukiipeleka kwa fundi pale mjini Dodoma jibu la kwanza utakalopata ni "tupige window tu mzee", na kweli itawaka, ila hutajua kilichoiua ni nini.

Sasa wanaotaka kujua wanafanyaje? Maana kerneli ya Linux inatoa toleo jipya kila baada ya wiki 9 au 10, na kila toleo linaingia na mabadiliko elfu kumi na kitu kutoka kwa watu zaidi ya elfu moja duniani kote. Moja tu ndo limekuulia mashine. Kusoma yote haiwezekani, hata aliyeianzisha hiyo Linux mwaka 1991, Linus Torvalds, hayasomi yote.

Kibaya zaidi, mara nyingi hamna logi, yaani faili la kumbukumbu ya kilichotokea. Kuwaka kwa kompyuta ni kupokezana zamu: UEFI, programu iliyomo ndani ya mashine yenyewe, inaamsha GRUB, ile menyu ya kuchagua kerneli, GRUB inapakia kerneli pamoja na kifurushi cha driva (programu za kuendesha vifaa) za kuanzia kinachoitwa initramfs, hapo ndo kerneli inaitafuta diski yako, inaifungua, halafu inaikabidhi kazi systemd, programu inayowasha huduma nyingine zote. Ikifa kabla ya kufungua diski itaandika wapi? Na hata kama diski ilishafunguka, yale maneno not syncing yana maana yake, kwamba kerneli imeamua kutomalizia kuandika kwenye diski kilichobaki kwenye memori, kwa sababu kichwa chake chenyewe haikiamini tena na ikiandika inaweza kukuharibia mafaili. Kwa hiyo inasimama hapo hapo. Uamuzi wa busara kabisa ukiniuliza mimi, japo unakuacha mikono mitupu.

Ushahidi uliobaki ni skrini. Kwenye GRUB unabonyeza e, unafuta maneno quiet splash, unaendelea kuwasha, mistari inaanza kushuka kwa kasi. Chukua simu rekodi video ya slow motion, utakuja kuisoma taratibu. Na hapa watu wengi wanakosea, wanapiga picha mistari ya mwisho tu, wakati cha maana ni mstari wa kwanza unaoanza na BUG au Oops, na ule wenye RIP unaotaja jina la fankisheni iliyokuwa inafanya kazi wakati mambo yanaharibika. Yanayofuata chini mara nyingi ni matokeo tu ya ile ajali ya kwanza.

Ila ukiona imeandika Unable to mount root fs on unknown-block(0,0), tulia kwanza kabla hujamlaumu mtu wa kerneli. Hiyo inasema kerneli haijaiona diski kabisa, na mara nyingi sana ni kwamba /boot, sehemu ya diski zinapokaa kerneli, imejaa, apdeti ikashindwa kutengeneza initramfs. Rudi GRUB, ingia Advanced options, chagua kerneli ya zamani, ikiwaka piga df -h /boot. Kama imejaa, futa kerneli za zamani usizotumia (ile iliyokuwasha sasa hivi usiiguse), piga update-initramfs, kesi imeisha.

Kama /boot ina nafasi, initramfs ipo, kerneli ya zamani inawaka vizuri na mpya inakufa kila mara, basi hapo umeshika kitu kikubwa kuliko logi. Una toleo zima na una toleo bovu. Chukulia maji ya Dodoma yanayotoka visima vya Mzakwe kule Makutupora, bomba limepasuka mahali fulani huko chini ya ardhi. Fundi mwenye akili hachimbi bomba lote, anakwenda katikati anafungua valvu: maji yakiwepo tatizo liko mbele, yasipokuwepo liko nyuma, na nusu nzima ya bomba ameshaisahau.

Kwa kerneli kazi hiyo inafanywa na git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko, ambayo Torvalds huyo huyo aliianzisha 2005 kwa ajili ya kerneli. Unaandika git bisect start, unaitajia toleo bovu na toleo zima, yenyewe inakupeleka katikati. Unakompaili hiyo ya katikati (unaigeuza kutoka maandishi ya kodi kuwa kerneli inayoweza kuwaka), unaristati, ikiwaka unaandika git bisect good, ikifa unaandika git bisect bad, inakata tena nusu ya iliyobaki. Mabadiliko 16,384 yanaisha kwa majaribio 14. Kumi na nne tu! Na hujahitaji kujua hata mstari mmoja wa lugha ya C, unachojibu ni imewaka au haijawaka.

Ugumu ni muda na bando. Historia kamili ya kerneli ni gigabaiti kadhaa, na ukishusha ile fupi ya juu juu bisect haitakuwa na pa kukata, kwa hiyo kaishushie kwenye waifai ya chuo kama upo UDOM. Kukompaili nako, ukitumia mipangilio ya Ubuntu kama ilivyo unakompaili driva za vifaa ambavyo hutakaa uvione maishani, kwenye laptopu ya zamani ni masaa kwa kila jaribio na umeme ukikatika betri ikiwa mbovu ndo basi. Dawa yake ni make localmodconfig, inabakiza driva zinazotumika muda huo tu. Ila iendeshe ukiwa ndani ya kerneli inayowaka, na uwe umechomeka kila kitu unachokitumia, flashi, modemu, printa, la sivyo utaanza kusema kerneli mbovu kumbe driva umeiondoa mwenyewe.

Mitego ipo. Toleo la katikati lisipokompailika unaandika git bisect skip, linaruka jirani. Tatizo ambalo linatokea mara moja moja ndo baya zaidi, maana jibu moja la good la uongo linakupeleka nusu isiyo yake na majaribio yote yanayofuata ni bure, hivyo washa mara kadhaa kabla ya kusema nzima. Na beki-apu ni lazima, siyo ushauri. Mwaka 2021 toleo la majaribio 5.12-rc1 lilikuwa na kosa kwenye swap faili, lile faili la diski linalotumika kama memori ya ziada, kerneli ilikuwa inaandika swap sehemu isiyo yake kwenye diski, inapiga juu ya mafaili ya watu. Torvalds akalibadilisha jina likawa 5.12-rc1-dontuse, na hofu yake mojawapo ilikuwa hawa hawa wanaofanya bisect, kwamba baadaye watatua hapo bila kujua.

Git ikishakutajia badiliko, usikimbilie kulitangaza kuwa ndilo. Chukua toleo jipya, ondoa hilo badiliko peke yake kwa git revert, kompaili, washa. Ikiwaka una ushahidi. Na hapo napo aliyeliandika anaweza asiwe na kosa, kuna mabadiliko yanayosogeza tu vitu kwenye memori na kuufichua ubovu wa driva nyingine uliokuwepo kwa miaka. Torvalds lakini haujali sana utetezi huo, msimamo wake ni kwamba kilichokuwa kinafanya kazi kwa mtumiaji kisivunjwe, kwa hiyo litarekebishwa au litaondolewa. Marekebisho yakiingia yanabeba mstari wa Fixes wenye herufi 12 za mwanzo za namba ya badiliko lile, na mstari wa Reported-by wenye jina la aliyeripoti.

Kutoka hapo mpaka ifike kwenye apdeti yako inachukua muda, kwa hiyo kaa na kerneli ya zamani, ifunge kwa apt-mark hold isije ikafutwa, halafu ikishakuja iliyotengenezwa kumbuka kuifungua kwa apt-mark unhold. Zile ulizokompaili mwenyewe zifute kwa mkono kwenye /boot na /lib/modules, kama ulizisakinisha kwa make install apt haizijui kabisa.