Mkojo wa kikemia: kusoma barua za Wöhler

Kuna sentensi moja ya Kijerumani imenisumbua kuitafsiri kuliko zote nilizowahi kugusa, na siyo kwamba ni ngumu, shida ni kwamba ina utani wa chooni ndani yake na aliyeiandika alikuwa anamwandikia mwalimu wake anayemheshimu sana.

Ni tarehe 22 Februari 1828. Friedrich Wöhler, mwanakemia kijana wa miaka 27, anafundisha kwenye shule ya ufundi Berlin. Anamwandikia Jöns Jacob Berzelius kule Stockholm, mzee ambaye wakati ule wanakemia wa Ulaya nzima walikuwa wanamwogopa kama mkaguzi wa shule. Anaanza kwa adabu zake zote, "mpendwa Profesa", alafu analalamika kistaarabu kwamba ameshatuma barua ya tarehe 12 Januari na nyongeza ya tarehe 2 Februari, na kila siku, tena kila saa, anasubiri jibu. Waliowahi kuachwa na tiki mbili za bluu watamwelewa. Lakini hawezi kungoja tena, anasema, kwa sababu, na hapa ndipo ninapokwama, hawezi kubana mkojo wake wa kikemia, lazima amwambie kwamba anaweza kutengeneza urea bila kuhitaji figo wala mnyama yeyote, awe mtu awe mbwa.

Yeye hakuandika mkojo, aliandika Wasser, maji, ndivyo Wajerumani wanavyolisema hilo jambo kwa ustaarabu. Sasa mimi nikiandika "siwezi kubana maji yangu ya kikemia" utani umekufa, nikiandika "haja ndogo" inakuwa kama kibao cha choo cha stendi, nikiandika "mkojo" nimekuwa mkali kuliko yeye mwenyewe. Nimebaki na mkojo. Kwa sababu utani wote unasimama hapo, urea ni kitu kilichokuwa kinajulikana kwa kutolewa kwenye mkojo na kijana anasema habari imembana.

Urea ni hiyo hiyo ya mfuko wa mbolea, usitafute mbali.

Nilifikaje kwenye hizi barua? Nilifundisha kemia ya sekondari miaka kadhaa kabla sijahamia kwenye historia ya kemia, na kila mwaka nilisimama mbele ya darasa nikatoa ile stori ambayo kila mwalimu anaitoa: zamani watu waliamini vitu vya viumbe hai vinahitaji nguvu ya uhai, mwaka 1828 Wöhler akatengeneza urea maabara, nguvu ya uhai ikafa siku hiyo hiyo, andikeni. Mwaka mmoja binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono, "Mwalimu, yeye mwenyewe alisema ameiua?" Nikamjibu ndiyo, bila shaka. Nilidanganya, sikuwa nimesoma hata mstari mmoja wa Wöhler. Lile swali lilikaa na mimi mpaka nikaja kujifunza Kijerumani, na nilipofika kwenye hiyo barua ya tarehe 22 nikakuta jibu ni hapana, tena hapana ya wazi kabisa.

Hebu tuiangalie kwa karibu. Wöhler alikuwa anatafuta kitu kingine, alitaka chumvi inayotokana na asidi ya sianiki na amonia. Akapata fuwele nyeupe safi, lakini kila akizipima hazifanyi mambo ya chumvi aliyoitegemea, ukitia alkali amonia haitoki kama inavyopaswa, ukitia asidi ya nitriki zinajitokeza vipande vyembamba vinavyong'aa. Hiyo tabia aliijua, ndiyo ya urea. Akachukua urea halisi iliyotoka kwenye mkojo akalinganisha, vitu viwili ni kimoja. Mpaka hapo stori ya darasani iko sawa.

Sasa baada ya kutangaza habari, kijana huyo huyo anageuka na kujiuliza mwenyewe kwenye karatasi: je, huu tunaweza kuuita mfano wa kutengeneza kitu cha kiumbe hai kutoka kwenye vitu visivyo hai? Na anajitia shaka papo hapo. Anasema ajabu ni kwamba ili upate asidi ya sianiki, na hata amonia, lazima mwanzoni kabisa uwe na kitu kilichotoka kwa kiumbe. Na ni kweli, sianidi za zama zile, ambazo ndizo zilizotoa asidi hiyo, zilipikwa kutokana na damu, pembe na kwato zilizochomwa na potashi. Kwa hiyo mwanafalsafa wa maumbile, anasema Wöhler, atakwambia tu kwamba ule uhai haujatoka bado kwenye mkaa wa wanyama, ndiyo maana unaweza kutoa tena kitu chenye uhai. Yaani hoja yenyewe ya kumpinga ameshaiandika yeye kabla mpinzani hajaamka! Hakuna kifo cha nguvu ya uhai kwenye hiyo barua. Kuna kijana mwenye furaha, mwenye swali, na mwenye haraka ya kujibiwa.

Jibu la Berzelius lina tarehe 7 Machi, wiki mbili kamili baadaye, na ukizingatia farasi na meli kati ya Berlin na Stockholm mzee hakuichelewesha. Na yeye akaudaka utani ulivyo: mtu akishaanza kutafuta umaarufu wa milele kwenye mkojo, amalizie safari yake humo humo. Mwaka 1827 Wöhler alikuwa ameshatoa alumini, kwa hiyo mzee anamwambia alumini na urea ya kutengenezwa, vitu viwili visivyofanana hata kidogo, vitashonwa kama vito kwenye taji lake. Alafu anamalizia kwa kusema ingekuwa sanaa tukufu kama mtu angeweza kusogea mbele kidogo akatengeneza mtoto mchanga kwenye maabara ya shule ya ufundi. Ukisoma vitabu vya shule unadhani hawa watu walikuwa wanaongea kama masanamu.

Watu hawa wawili walijuana toka 1823, Wöhler alipokwenda Stockholm kufanya kazi kwa Berzelius karibu mwaka mzima. Alibisha hodi mlangoni na aliyefungua alikuwa Berzelius mwenyewe. Nalitaja hilo kwa sababu ya barua nyingine, ya tarehe 22 Januari 1831, ambayo mimi naipenda kuliko ya mkojo.

Wöhler alikuwa amechunguza madini fulani ya risasi ya rangi ya kahawia kutoka Zimapán, Mexico, akaona kuna kitu kipya humo, kisha mvuke wa asidi ya hidrofloriki ukamuumiza akaugua kwa miezi, kazi ikalala. Huku nyuma Msweden mmoja, Nils Gabriel Sefström, akakipata hicho kitu mwaka 1830 kwenye chuma kilichotokana na mawe ya Taberg, huko Sweden. Kijana kapoteza elementi nzima. Kwa rafiki yake, mwanakemia Justus Liebig, aliandika bila kujificha kwamba amekuwa punda. Sasa Berzelius anampa pole vipi? Anamtungia ngano. Hapo zamani za kale, kaskazini ya mbali, aliishi mungu wa kike mzuri aitwaye Vanadis. Siku moja mtu akabisha hodi. Vanadis akabaki amekaa kwenye kiti chake, akasema ngoja abishe tena. Hodi ya pili haikuja, mgeni akashuka ngazi akaenda zake. Vanadis akakimbilia dirishani amwone ni nani huyu asiyejali kukaribishwa, kumbe ni yule mtundu Wöhler, akasema stahili yake, hata dirishani hakuangalia. Siku chache baadaye akaja mwingine, huyu akabisha na kubisha na kubisha mpaka Vanadis akainuka kufungua mwenyewe. Alikuwa Sefström, na mtoto wao akaitwa vanadi.

Sisi tunaopiga hodi tatu kabla ya kuondoka tungeipata hiyo elementi. Ingawa kwa haki, aliyebisha wa kwanza kabisa alikuwa Andrés Manuel del Río huko huko Mexico, mwaka 1801, kwenye madini yale yale, akaambiwa na mtaalamu wa Paris kwamba hiyo ni kromi tu, naye akakubali akaondoka. Huyo hayumo kwenye ngano.

Nikija kwa Justus Liebig mambo yanabadilika. Kwa Berzelius Wöhler ni kijana na mzee wake, kwa Liebig ni ndugu. Walianza kwa kuvutana, maana chumvi ya fedha ya Liebig, ile inayolipuka, na chumvi ya fedha ya Wöhler isiyolipuka zilionyesha viambato sawa kwa viwango sawa, na kila mmoja alidhani mwenzake kakosea kupima. Wote wawili walikuwa sahihi, na jambo hilo ndilo leo tunaliita isomeri.

Juni 1832 mke wa Wöhler, Franziska, alifariki huko Kassel, akaacha watoto wawili wadogo. Liebig akamwandikia kutoka Giessen barua ambayo nimeisoma mara nyingi na bado inanishika kooni. Hamwambii ajikaze. Anamwambia maneno ya faraja ni matupu mbele ya msiba kama huo, na hapo hapo anamwita, njoo kwetu Wöhler mpendwa, hata kama hatutaweza kukufariji labda tutakusaidia kuubeba. Alafu bila kupumua anaingia kwenye kemia: ameagiza lozi chungu, lazima tufanye kazi fulani, na usiifanyie Kassel. Huku kwetu matanga ni watu kujaa kwa mfiwa, yeye alimtoa mfiwa akamleta maabara. Mtu anaweza kusema ni ubaridi wa mwanasayansi, mimi sioni hivyo, naona mtu anayemjua rafiki yake vizuri.

Wiki chache za kiangazi kile walikaa na mafuta ya lozi chungu, wakayatia klorini, bromini, wakayaacha yale oksijeni ya hewa, na kila mara wakakuta kundi lile lile la atomi linahama zima zima bila kuvunjika, kama familia inayohama nyumba na sufuria zake zote. Ndilo kundi la benzoili. Berzelius alipoandikiwa alifurahi mpaka akapendekeza liitwe proini au orthrini, kwa maneno ya Kigiriki ya alfajiri, kwa sababu aliona ni mapambazuko ya kemia mpya. Majina hayakushika. Tarehe 30 Agosti Wöhler, amesharudi Kassel kwenye upweke wake wenye giza kama anavyouita, anamwandikia Liebig kwamba hajui amshukuru vipi kwa upendo waliompokea nao, na jinsi alivyofurahi kufanya kazi naye ana kwa ana. Na kwenye barua hiyo hiyo anamtumia makala ya mafuta ya lozi. Makala yenyewe ni maarufu, iko kwenye historia zote za kemia, na ukiisoma peke yake huwezi kujua kwamba kulikuwa na msiba.

Liebig huyu mwenye moyo hivyo alikuwa pia mgomvi wa ajabu, alipigana na karibu kila mtu kwenye majarida, mwishowe hata na Berzelius, na Wöhler katikati akichomwa pande zote. Tarehe 9 Machi 1843 Wöhler anamwomba Liebig aache vita na mwanakemia mmoja aitwaye Marchand. Hebu fikiria ni mwaka 1900, anamwambia, sisi wote tumeshayeyuka kuwa asidi ya kaboni, maji na amonia, na majivu yetu pengine yako kwenye mifupa ya mbwa aliyefukua makaburi yetu, nani atajali kama tuliishi kwa amani au kwa hasira? Mawazo yako mazuri tu ndiyo yatabaki. Alafu anajicheka: lakini mimi ni nani nimshauri simba ale sukari. Mbwa tena, utaona. Toka 1828 mbwa hajamtoka.

Barua za hawa wawili, yaani za Liebig na Wöhler, zilichapwa Braunschweig mwaka 1888, miaka sita baada ya Wöhler kufa, na mwanakemia August Wilhelm Hofmann akisaidiwa na Emilie Wöhler, binti wa Wöhler kwa mke wa pili. Ukikishika kitabu angalia neno la kwanza la jina lake, Aus, maana yake "kutoka katika". Siyo barua zote, ni sehemu. Binti alikaa na barua za baba yake, ikaamuliwa zipi zionekane na zipi zibaki ndani, kwa hiyo kila ninapokuta ugomvi umekatika ghafla, au mwezi mzima hauna barua wakati najua watu hawa waliandikiana mfululizo, huwa sianzi kwa kudhani posta ilipoteza.