Je, wajua kwa nini mtoto husoma sentensi nzima kwa sauti, kisha asielewe alichosoma?

Mpe mwanafunzi wa darasa la tatu anayesuasua kusoma sentensi hii: "Kaka zako hawatakusomea hadithi." Ataweka kidole chini ya herufi ya kwanza na kuanza: ka... ka... za... ko... ha... wa... ta... ku... Akimaliza, muulize hao kaka watafanya nini. Usishangae akikujibu: "Watasoma hadithi." Kila silabi ameitamka sawasawa, na jibu lake ni kinyume kabisa cha sentensi.

Hapo wengi husema mtoto hayuko makini. Hukumu hiyo imejengwa juu ya jambo la kweli, ndiyo maana ni vigumu kuing'oa: Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa. Utafiti mmoja wa mwaka 2003 uliolinganisha lugha 13 za Ulaya ulionyesha kwamba watoto wa lugha zenye tahajia nyoofu, yaani zinazosomwa kama zinavyoandikwa, kama Kifini, hushika misingi ya kusoma mapema zaidi kuliko wenzao wanaoanza na Kiingereza. Kiswahili nacho kimo katika kundi hilo la tahajia nyoofu. Basi tunajiambia kwamba mtoto akishajua ba be bi bo bu, kazi imekwisha, na akikwama baada ya hapo ni mvivu au kichwa kizito.

Sivyo. Tathmini ya mwaka 2010 ya Uwezo, mpango unaopima watoto kusoma na kuhesabu, nchini Tanzania ilikuta kwamba ni takriban watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Na hao ni watoto walioimba silabi tangu siku zao za kwanza shuleni. Kuimba kwenyewe huficha mengi. Katika darasa lenye watoto 80, mwalimu anagusa ubao kwa fimbo, sauti zinapanda pamoja, na asiyejua anadaka neno kutoka kwa jirani nusu sekunde baadaye. Ukitaka kumtambua, vuruga mpangilio. Mtoto anayesoma "mama" na "kaka" bila shida, mwandikie "maka". Anayesoma kweli atalitamka hata kama halina maana. Aliyekariri umbo la neno atakisia. Ndiyo maana vipimo vya usomaji wa awali huwa na maneno ya kubuni.

Lakini mtoto wa sentensi ile hakisii herufi. Anazijua. Kinachomwangusha ni mwendo.

Akili hushikilia mambo machache tu kwa sekunde chache wakati inayafanyia kazi. Ichukulie kama ndoo iliyotoboka. Watoto wawili wanachota maji sawa kisimani; mmoja anakwenda mbio, mwingine anasimama kila hatua. Wa kwanza anafika na maji, wa pili anafika na ndoo tupu, ingawa hakumwaga hata tone kwa uzembe. Sasa hesabu silabi za "hawatakusomea": ha-wa-ta-ku-so-me-a, 7 katika neno moja. Ile "ha" inayobeba ukanushi iko mwanzoni kabisa, kwa hiyo ndiyo inayokaa muda mrefu zaidi kwenye ndoo, na iko hatarini kuvuja kabla ya neno kwisha. Mtoto anabaki na kaka, kusoma na hadithi, anaunga mwenyewe, na anapata "watasoma hadithi". Kuunga huko ni kazi ya akili nzima, inayotafuta maana kwa mabaki iliyonayo. Hata mtu mzima hajaziba tundu lake. Yeye anakwenda haraka tu.

Hili ndilo jambo la ajabu katika Kiswahili, na binafsi naona halizungumzwi vya kutosha: herufi zake ni rahisi, maneno yake ni marefu. Kwa sababu hiyohiyo, viwango vya "maneno kadhaa kwa dakika" vilivyopatikana kwa Kiingereza haviwezi kuhamishiwa kwetu vivi hivi. Wala kasi peke yake haitoshi. Mtoto anayezungumza Kisukuma au Kigogo nyumbani anaweza kutiririka vizuri na bado asijue neno lina maana gani. Huyo anahitaji mazungumzo na msamiati kwanza.

Mwaka 2015 Tanzania ilianza mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliojikita katika KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na Kenya ikaanza Tusome, mpango wa kufundisha kusoma madarasa ya chini, nchi nzima. Shirika la Pratham la India lilikwenda mbali zaidi: watoto hupangwa kwa muda fulani wa siku kufuata wanachoweza, si darasa walilomo. Wazazi wengi huona aibu mtoto wa darasa la nne arudishwe kwenye silabi. Mimi naona aibu iko kwa kumwacha.

Nyumbani, chukua sentensi fupi mbili tatu na mtoto azisome zilezile mara kadhaa, kila siku kidogo, hadi zitiririke. Baada ya kila sentensi, muulize nani kafanya nini. Kisha mfundishe vipande badala ya silabi mojamoja. Kata kadi za boksi, uandike "hawata", "nitaku", "wali", "tuna", naye aziunganishe na "soma", "pika", "ona". Vipande hivyo hujirudia kila ukurasa, kwa hiyo urefu uliokuwa mzigo unageuka msaada: "hawatakusomea" linakuwa vipande vitatu, hawata-ku-somea. Sauti ngumu kama "mbw", "nyw" na "ng'" zipewe siku zake, maana "ng'oa" na "ngoma" humchanganya mtoto anayejua herufi zote.

Akikwama, usimtajie neno upesi. Mrudishe mwanzo wa neno, alisome tena kwa mkupuo. Na kama anasogeza kitabu karibu mno na uso, au anaomba urudie kila unachosema, mpeleke kwanza akapimwe macho na masikio.