“Kama Huna Kosa, Sema Tu”: Maneno Yanayotuponza Kituoni

Wiki iliyopita nimeyasikia tena. Ilikuwa saa nne za usiku, mbele ya kaunta ya kituo kimoja cha polisi hapa Mombasa. Mama wa makamo, ushungi umelegea, mkono mmoja ameshika chupa ya chai na mwingine kikapu chenye sweta na malapa ya mwanawe, kwa kuwa mshipi na viatu vya kamba huvuliwa kabla mtu hajaingizwa seli. Akanivuta pembeni. “Wakili, usijisumbue sana. Mwanangu hana neno. Nishamwambia amweleze afande yote kwa adabu, atie saini, twende zetu nyumbani.”

Alikuwa ameshatia. Kurasa mbili, saini chini ya kila ukurasa, na mwandiko unaonyesha mkono ulivyokuwa ukitetemeka.

Wanaoniambia maneno haya ni walimu, maimamu, wenye maduka, watu waliosoma na wanaowapenda watoto wao. Siasa ikichafuka wanaongezeka. Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipowatoa vijana barabarani, niliyasikia kila usiku. Mwaka uliofuata yakarudi yale yale. Nimechoka kuyajibu mmoja mmoja, na la kwanza ndilo nitakalokaa nalo.

“Asiye na kosa haogopi kusema”

Hili huniumiza kuliko yote kwa sababu husemwa kwa mapenzi, na mara nyingi anayelisema ni mzazi.

Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inasema aliyekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa, haki yake ya kunyamaza, na matokeo ya kutonyamaza. Ana haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine anaohitaji msaada wao. Na asilazimishwe kukiri jambo lolote linaloweza kutumiwa dhidi yake. Watu husoma hapo wakadhani ni kinga ya wezi. Mwizi mzoefu hahitaji kukumbushwa kunyamaza. Anayeihitaji haki hii ni mtoto wako mwenye moyo safi, ambaye hajawahi kuona seli na anaamini kwamba ukweli, ukishatamkwa, utaandikwa kama ulivyotamkwa.

Nitakueleza unavyoandikwa. Katika zile siku za Juni 2024, fundi wa simu wa miaka 19 alikamatwa akitoka kazini. Alipoulizwa alikuwa akifanya nini pale barabarani, alijibu kama tunavyojibu sote huku pwani mbele ya mtu mzima: “Sie twapita zetu tu, afande. Tulisikia makelele, tukasimama kutazama.” Kwetu “sie” ni unyenyekevu. Anayejitaja “mimi, mimi” huonekana ana kiburi, na huyu amelelewa vizuri. Alikuwa peke yake. Lakini taarifa iliandikwa kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza “sie” ni kundi la watu, na watu waliosimama pamoja wamekusanyika. Akasomewa haraka haraka, akatia saini. Shtaka likawa kushiriki mkusanyiko usio halali. Kwa miezi 7 mama yake alifunga kibanda chake cha mahamri kila kesi ilipotajwa, mpaka upande wa mashtaka ulipoiondoa. Kijana hakupigwa wala hakutishwa. Aliponzwa na silabi mbili za adabu.

Sasa wazazi huniambia kwamba kumnyamazia mkubwa anapokuuliza ni utovu wa heshima, na kwamba ninawafundisha watoto wao ujeuri. Hapa ndipo subira yangu huisha. Wanaosema hivyo ndio hao hao ambao, kijana wao akitaka kuoa, hawamwachi aende kwa wakwe peke yake kujieleza. Hutuma mshenga. Huenda wazee. Kila neno hupimwa kabla ya kutamkwa, na bwana harusi mwenyewe hukaa kimya nyumbani akisubiri majibu. Hakuna anayemwona mjeuri. Ugomvi ukipelekwa barazani, mjomba husimama na mpwa wake. Wazee wetu wangeona ni aibu kumwacha mtoto mbele ya watu wazima bila mtu wake wa kumsemea. Wakili ni mshenga wa kituoni, na hakuna kitu cha kigeni hapo. Tuliolelewa kuambiwa “weka akiba ya maneno”, na kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, tunaisahau akiba hiyo siku tunayoihitaji zaidi.

Kwa hiyo mfundishe mwanao maneno haya, ayajue kama anavyolijua jina lake: “Afande, naitwa fulani, nakaa mahali fulani. Mengine nitayasema wakili wangu akiwepo.” Ayaseme kwa sauti ya chini, ukipenda na “shikamoo” mbele yake. Jina na makazi atoe bila ubishi. Asidanganye hata kidogo, kwa kuwa kunyamaza ni haki lakini kumpa afisa wa umma taarifa ya uongo ni kosa lenyewe, na nimeona watu waliokamatwa bila sababu wakaishia kushtakiwa kwa uongo walioutunga kwa hofu. Na akishasema hayo, aache. Wengi hulisema vizuri, kisha dakika 10 baadaye wanaanza kupiga soga na yule aliyewaletea maji.

Kama ni lazima aandikishe taarifa, asomewe kwa lugha anayoielewa. Panapobaki nafasi tupu chini ya maandishi apige mstari, ndipo atie saini. Na akishawishiwa kukiri, ajue kwamba Sheria ya Ushahidi haikubali ungamo la hivi hivi. Lazima litolewe mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi mwenye cheo kinachotakiwa ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, akiwepo na mtu wa tatu uliyemchagua mwenyewe. Neno “mwenyewe” lina uzito wake. Askari mwenzake aliyekuwa kaunta hakuchaguliwa na wewe.

“Kesi kubwa, polisi wana siku 14”

Walikuwa nazo, za kukuzuia kabla ya kukufikisha mahakamani, chini ya katiba ya zamani, kwa makosa ya adhabu ya kifo. Hiyo ilikwisha Agosti 2010, na bado nasikia siku 14 zikitajwa na watu waliozaliwa baada ya hapo. Sasa ni saa 24 kwa kosa lolote. Zikiisha nje ya saa za mahakama au siku ambayo si ya mahakama, unafikishwa kabla ya siku inayofuata ya mahakama kwisha. Ndiyo maana kukamatwa Ijumaa jioni kuna ladha yake. Polisi wakitaka muda zaidi, wanaomba kwa hakimu, wewe ukiwepo na wakili wako akijibu.

Saa zinahesabiwa tangu ulipokamatwa, sio tangu jina lako lilipoingizwa kwenye OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo. Nawaomba wateja wangu waandike saa ya kukamatwa kwenye kiganja kwa kalamu, au wamwambie aliye karibu aikumbuke. Watu huliona jambo dogo. Nimewahi kumtoa mtu kwa sababu ya wino uliokuwa kiganjani.

“Mtu akitoweka, ngoja saa 24 ndipo uripoti”

Hakuna sheria inayosema hivyo. Mtu akichukuliwa na gari lisilo na namba, na watu wasiovaa sare, nenda sasa hivi. Dai namba ya OB, iandike, usiondoke bila hiyo. Kituo kikisema hakiko naye, nenda cha pili, na huku wakili anaandaa maombi Mahakama Kuu ya kutaka aletwe mbele ya jaji. Haki hiyo ni miongoni mwa chache ambazo Ibara ya 25 inasema haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote, hata hali ikiwa ya hatari. Ibara ya 22 inamruhusu mtu mwingine kwenda mahakamani kwa niaba ya asiyeweza kwenda, tena bila kulipia ada ya kufungua kesi.

Na msiniambie mahakama haina meno. Septemba 2024, Jaji Lawrence Mugambi alimhukumu kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi, Gilbert Masengeli, kifungo cha miezi 6 kwa kudharau mahakama, baada ya kuitwa mara kadhaa aeleze walipo watu watatu waliotoweka Kitengela naye asifike. Siku chache baadaye watu hao walipatikana wakiwa hai, Masengeli akajitokeza mahakamani, hukumu ikaondolewa. Sitasema kila ombi huishia hivyo, maana nimekaa na familia ambazo hazikupata mtu wao. Ila saa 24 za kungoja ni saa 24 za kumpa nafasi aliyemchukua.

“Bondi ya kituoni hulipiwa”

Bondi, yaani ahadi ya maandishi kwamba utafika utakapotakiwa, ni bure. Dhamana ya fedha ni kitu kingine: inaandikiwa risiti, na kesi ikiisha ukiwa umehudhuria, unarudishiwa. Pesa isiyo na risiti haina jina la kisheria.

“Maandamano yanahitaji kibali”

Yanahitaji taarifa. Ibara ya 37 inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka afisa mkuu wa kituo aarifiwe, angalau siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Kuarifu na kuomba ni vitu viwili. Ukiwaarifu jirani zako kuna maulidi kwako, hujawaomba ruhusa ya kusoma.

“Haki za mtu ni mambo ya wazungu, zimekuja kuvunja mila zetu”

Hili nalo hulisikia zaidi kwa wazee, na nawajibu kwa upole kwa sababu hofu yao ni ya kweli. Wanaona vijana hawaamkii watu na nyumba hazina baraza, na wanatafuta wa kumlaumu. Katiba siyo. Ibara ya 11 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, ya 45 inaita familia kitengo cha asili cha jamii, na ya 170 inazihifadhi Mahakama za Kadhi. Linalokatazwa, katika Ibara ya 44, ni mtu kumlazimisha mwenzake kutimiza desturi au tambiko asilolitaka. Kilifi nimemtetea mzee aliyefukuzwa shambani kwake kwa kuitwa mchawi. Alikuwa na mvi na ekari kadhaa zilizotamaniwa na watu wa nyumba yake. Waliomfukuza walisema wanalinda mila. Nataka kuuliza, ni mila ipi ya Wamijikenda inayomfukuza mwenye mvi?

Na kabla ya Katiba hii, mila ndiyo iliyoutetea uhuru wa mtu hapa kwetu. Mekatilili wa Menza aliwaamsha Wagiriama mwaka 1913 kwa ngoma ya kifudu na kiapo. Waingereza wakamhamishia magharibi ya nchi, naye akatoroka na kurudi kwao. Februari 28, 1992, akina mama ambao wana wao walifungwa kwa sababu za kisiasa walikaa Uhuru Park, Nairobi, pamoja na Wangari Maathai, wakagoma kula. Machi 3 polisi wakawavamia kwa marungu na gesi ya machozi. Baadhi ya wale kina mama wakavua nguo mbele ya askari. Asiyejua aliona aibu. Aliyelelewa katika mila alijua kwamba mama anayekuonyesha mwili uliokuzaa amekulaani, na wapo askari waliogeuza nyuso. Wakati huo sheria iliruhusu mtu kuzuiliwa bila kushtakiwa, kwa hiyo akina mama wale hawakuwa na ibara ya kusoma. Walikuwa na hilo tu. Wakahamia Kanisa Kuu la All Saints, wakakaa humo karibu mwaka, na wana wao karibu wote wakafunguliwa.

“Namba zote ziko kwenye simu yangu”

Simu ndiyo ya kwanza kuchukuliwa. Sheria inakupa haki ya kuwasiliana na mtu wako, lakini afande akikusogezea simu ya kaunta na kusema “haya, piga”, utapiga namba gani? Nimewauliza vijana wengi, na wengi hawajui hata moja. Jifunzeni mbili kwa kichwa, ya mtu wa nyumbani na ya wakili au jirani asiyelala mapema. Jifunzeni leo usiku.

Yule kijana wa wiki iliyopita aliijua moja tu. Mama yake alimfundisha kama wimbo alipokuwa darasa la pili, siku aliyopotea soko la Kongowea, na hajabadilisha laini tangu siku hiyo.