Kontroli inafeli na bosi anasema endelea tu, hapo unafanyaje?

Kwenye mafunzo yetu ya ubora wa maabara kuna swali huwa haliulizwi ukumbini, linakuja wakati wa chai, mtu anakuvuta pembeni anakwambia mkuu, kuna mashine wameleta kazini mi siiamini kabisa na wateja wanapimwa nayo, nifanyeje? Naandika kwa watu wa maabara ila hata wewe unayeuza dawa ama mbegu soma tu, yanafanana.

Kesi ninayoipenda kufundishia ni ya Theranos, kampuni ya kupima damu ya Marekani, maana ilifika mahakamani na wafanyakazi wakatoa ushahidi chini ya kiapo, so tunajua mpaka nani alimwandikia nani barua pepe. Elizabeth Holmes aliianzisha 2003 akiwa na miaka 19, ahadi ikiwa tone la damu ya kidoleni linatosha kwa vipimo kibao. Mwaka 2013 wakaanza kupima wateja kwenye maduka ya dawa ya Walgreens, na 2014 kampuni ikawa inahesabiwa thamani ya dola bilioni 9 hivi. Mashine yao ilikuwa Edison. Ukweli ni kwamba Edison ilikuwa inafanya vipimo vichache sana, vingine walikuwa wanavifanya kwa mashine za kawaida za makampuni mengine, zikiwemo za Siemens ambazo walizichokonoa zipokee damu kidogo iliyozimuliwa.

Sasa tuingie ndani. Erika Cheung alikuwa binti katoka tu chuo, kazi yake ilikuwa pamoja na kupitisha kontroli. Kwa asiyejua, kontroli ni sampo ambayo jibu lake unalijua tayari, unaipima kabla hujagusa damu ya mgonjwa, mashine ikitoa jibu nje ya kiwango unasimama unatafuta tatizo, hakuna mjadala. Cheung alisema Edison ilikuwa inafeli kontroli mara kwa mara, na dawa yao ilikuwa kufuta zile namba zilizokaa mbali na wenzake mpaka zinazobaki zinapendeza, halafu wagonjwa wanaendelea. Hapa naomba muelewane na mimi, kuitoa namba iliyopotoka sio kosa lenyewe, zipo kanuni za takwimu za kufanya hivyo, ila kanuni unaiandika kabla hujaona majibu. Ukiitunga baada ya kuona majibu hujarekebisha data, umeipika.

Mwenzake Tyler Shultz, ambaye babu yake George Shultz alikuwa waziri wa mambo ya nje wa zamani na tena mjumbe wa bodi ya kampuni hiyo hiyo, yeye alishtukia kitu kingine, zile sampo za kuipima maabara yenyewe umahiri wake, tunazoziita paneli. Sheria inataka uzipime sawasawa na unavyopima mgonjwa, wao wagonjwa wanaenda Edison, paneli inaenda mashine ya kampuni nyingine. Ni kama mwanafunzi kumtuma kaka yake akamfanyie mtihani. Mwaka 2014 alimwandikia Holmes, akajibiwa na Sunny Balwani, namba mbili wa kampuni, kwa kejeli tupu, akaacha kazi.

Msimamo wangu ni huu na najua wengine hawaupendi: bidhaa kutofanya kazi sio dhambi. Utafiti mwingi unafeli na wangeibakiza Edison kwenye chumba cha utafiti wakaendelea kuhangaika nayo hata miaka mitano, sidhani kama leo tungekuwa tunaongelea jela. Tatizo linaanza siku jibu linatoka mlangoni linaenda kwa mtu. Kuna mama wa Arizona aliambiwa kutokana na kipimo chao kwamba mimba inaharibika, na alikuwa ameshapoteza mimba kabla ya hapo, baadaye akajifungua mtoto mzima. Kwa hiyo wewe fundi swali lako lisiwe "bosi ni tapeli?", hilo huwezi kulijibu na sio kazi yako. Jiulize kontroli imepita? Ikifeli nani anaamua, na anaandika wapi?

Andika tarehe, loti ya kitendanishi (ile kemikali ya kupimia), namba ulizoziona, nani ulimwambia na alijibu nini. Usiandike "wanadanganya". Anza na yule ambaye sahihi yake iko kwenye majibu, maana yeye ndo mwenye la kupoteza. Pale Theranos mkuu wa maabara Adam Rosendorff alilalamika kwa Holmes, hakusikilizwa, akaondoka mwishoni mwa 2014.

Nisiwadanganye kuhusu gharama. Familia ya Shultz ilitumia zaidi ya dola 400,000 kwa mawakili. Cheung alisubiriwa na mtu nje ya kazi yake mpya akakabidhiwa barua ya vitisho vya kisheria. Hata hivyo Septemba 2015 aliwaandikia wasimamizi wa maabara wa serikali, Oktoba gazeti la Wall Street Journal likaanza kuianika Theranos, Januari 2016 wakaguzi wakatoa ripoti kwamba maabara ni hatari kwa wagonjwa, baadaye kampuni yenyewe ikafuta majibu ya Edison ya 2014 na 2015. Holmes alihukumiwa miaka 11 na miezi kadhaa jela, ila ukisoma vizuri alipatikana na hatia kwa kuwadanganya wawekezaji, mashtaka ya wagonjwa akaachiwa. Balwani ndo alikutwa na hatia kote. Hilo la Holmes kuachiwa kwa wagonjwa linaniuma mpaka leo.

Kwa Tanzania ipo Sheria ya kulinda watoa taarifa na mashahidi ya 2015. Mashine na vitendanishi vinaangukia TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, mwenendo wa mtaalamu unaenda baraza lake. Sheria inamlinda aliyepeleka taarifa kwa mamlaka husika kwa nia njema, sio aliyerusha skrinshoti kwenye grupu la WhatsApp, na kama skrinshoti ina jina la mgonjwa hapo kesi inageuka kuwa yako wewe, mwenye mashine anakaa pembeni anaangalia.