Kuskani sio kuhifadhi: maneno tunayodanganyana kuhusu nyaraka za serikali za kwenye kompyuta

Wakuu, ofisi za umma siku hizi hapa Mwanza, ziwe za Nyamagana, Ilemela au kule Ukerewe, ukiuliza kitu unaambiwa "tuko kwenye mfumo", na mimi nafurahi kweli maana nani anataka kurudi enzi za faili halionekani njoo Jumatatu. Ila kuna maneno yanazunguka humo maofisini yanasemwa kama ukweli, hadi mabosi wanayarudia, na tukiendelea ivo wajukuu zetu watajua zaidi habari za kanda hii wakati wa Mjerumani kuliko za mwaka 2025. Siongezi chumvi, twende taratibu.

"Ishaskaniwa, sasa iko salama"

Huu ndo uongo mkubwa kuliko yote. Picha ya skani ni nzuri kwa kutafuta haraka na kwa kuipumzisha karatasi isishikwe shikwe, hapo sina ugomvi. Lakini salama? Kumbukumbu za Wajerumani zilizopo Nyaraka za Taifa pale Dar, zile ambazo UNESCO waliziingiza kwenye orodha yao ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, zimepita miaka mia na bado mtu anafungua jalada anasoma, kinachomtesa ni ule mwandiko wa Kijerumani cha zamani basi. Hajaomba chaja wala paswedi. Sasa wewe katafute flopi (ile diski bapa ya zamani) ya mwaka 1998 hapo ofisini kwenu, ukiipata utafute kompyuta yenye tundu la kuiingiza, ukipata kompyuta uombe ile flopi bado inasomeka, ikisomeka uombe tena programu iliyoandika hiyo barua ipo na inafunguka. Karatasi ukiisahau kwenye kabati kavu miaka hamsini utaikuta, faili la kompyuta ukilisahau miaka kumi unaweza kukuta limeharibika na hakuna anayejua liliharibika lini, maana halinuki wala halibadiliki rangi.

Wanaoanika dagaa visiwani wataelewa haraka, huwezi kumwaga mzigo juani ukaenda kulala, unageuza, unaangalia wingu, likitisha unakusanya. Nyaraka za kidijitali zinatunzwa ivo ivo, kwa kurudiwa rudiwa. Wanaoifanya hii kazi vizuri wanaweka kopi kama tatu, sehemu tofauti na kwenye vifaa vya aina tofauti, na kwa kila faili wanapiga hesabu inayotoa mfuatano wa herufi na namba (ile inaitwa SHA-256 inatoa tarakimu 64), ukigusa hata nukta moja ndani ya faili mfuatano wote unabadilika. Unautunza pembeni, baada ya muda unapiga tena hesabu, ikilingana faili ni lile lile, isipolingana unaenda kuchukua kopi nzima kwenye stoo nyingine kabla nayo haijaharibika. Sasa niambie ofisi gani imenunua skana na ikaweka na mtu wa kufanya hiyo kazi kila mwaka. Skana inanunuliwa, picha zinapigwa na mgeni rasmi, imeisha.

Na yule anayesema "tumeskani, makaratasi tuchome tupate nafasi" atulie kwanza. Kumbukumbu za umma haziteketezwi kienyeji, kuna Sheria ya mwaka 2002 ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa na kuna idhini ya kuomba.

"Kwani bakapu si ipo? Iko klaudi"

Tarehe 26 Septemba 2025 kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon kilishika moto ulioanzia kwenye betri. Kulikuwa na hifadhi ya mafaili ya watumishi wa umma inaitwa G-Drive, terabaiti 858, ikaungua, na kopi ya nje haikuwepo. Korea Kusini hao, sio sisi ambao umeme ukikatika Igoma tunaulizana kama na Buzuruga umekatika. Klaudi ni kompyuta ya mtu mwingine kwenye jengo la mtu mwingine, na lile jengo linaungua kama majengo mengine.

Halafu bakapu, yani kopi ya akiba, sio nyaraka. Bakapu inakopi kilichopo leo, pamoja na makosa yake. Mtu akifuta jalada mwezi wa tatu na bakapu mpya zinaandikwa juu ya zile za zamani kila baada ya siku kadhaa, mwezi wa sita bakapu yako ni safi kabisa na jalada halimo.

Mfano wetu hapa ziwani unauma na nausema kwa heshima ya marehemu wetu. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, kivuko chenye uwezo wa abiria 101, tulizika watu 228. Swali la kwanza la kila familia lilikuwa walipanda wangapi, na halikujibika vizuri, maana mkata tiketi alifariki na mashine iliyokuwa na rekodi ikapotelea majini. Yani takwimu ilikuwepo, ila ilikuwa sehemu moja tu na hiyo sehemu ndo iliyozama. Miaka 22 kabla, tarehe 21 Mei 1996, kwenye MV Bukoba hali ilikuwa nyingine tena, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha kabisa, ndo maana mpaka leo idadi inatajwa kwa makadirio. Hapo hata ungekuwa na seva (kompyuta za kutunzia data) za dunia nzima huna cha kuhifadhi, nyaraka haikutengenezwa.

"Meseji za WhatsApp sio nyaraka"

Hapa ndo panaponiumiza kichwa. Sheria ya 2002 inaposema kumbukumbu inaangalia taarifa iliyoandikwa au kupokelewa katika kufanya kazi ya ofisi, iwe kwenye karatasi au kwenye kitu kingine chochote. Sasa bosi anaandika kwenye grupu "sogeza ile kazi iende kata nyingine, nimeshaongea na wakubwa", watu wanaweka dole gumba, kazi inahama kweli. Kwenye jalada utakuta nini? Barua ya kuanza kazi na barua ya kumaliza, katikati hakuna kitu, mkaguzi akija anaona kata imebadilika kama kwa uchawi. Simu ikiibiwa Makoroboi au bosi akahamishwa akabadili laini, uamuzi wa serikali umeenda nao. Zamani masijala, wale wa chumba cha kupokea barua na kutunza majalada, walikuwa wakali, barua inaingia inapewa namba ya folio, inafungwa kwenye jalada, ukichomoa ukurasa inaonekana namba imeruka. Ule ukali unatakiwa uhamie kwenye mfumo, ujumbe wenye uamuzi utolewe kwenye simu uingizwe kwenye jalada lake siku hiyo hiyo, na uingie na tarehe yake, nani kamwandikia nani, kuhusu jambo gani. Skrinishoti iliyokatwa jina juu haisaidii kitu.

"Hayo mambo ya IT, masijala wanahusikaje"

Wanahusika kuliko IT. Kijana wa IT anajua seva imejaa, hajui barua ipi ni ya kiwanja chenye kesi na ipi ni mwaliko wa sherehe ya Mei Mosi. Anayejua ni mtunza kumbukumbu, ila kwenye manunuzi ya mfumo haitwi, anaitwa siku ya mafunzo aonyeshwe pa kubonyeza. Mfumo unakuja hauna sehemu ya kuandika hili jalada litunzwe mpaka lini na mwisho wake liende Nyaraka za Taifa au liteketezwe, na mkataba na mwenye mfumo ukiisha ndo watu wanauliza data zetu tunazitoaje.

Hili linaenda pamoja na "hifadhi kila kitu, diski bei chee". Diski bei chee, mtu wa kupekua mamilioni ya mafaili yanayoitwa "barua mpya final 2 sahihi" sio bei chee. Nyaraka za Taifa popote duniani zinabakiza sehemu ndogo tu ya kinachoandikwa maofisini, kuchagua ndo kazi yenyewe.

"Geuza PDF, au printi tu, yaishe"

Kwa barua sawa, kuna PDF/A ambayo ilitengenezwa kabisa kwa ajili ya kutunza muda mrefu, fonti zinakaa ndani ya faili, haitegemei kitu cha nje. Lakini bajeti ya Excel ukiprinti umebaki na majibu, hesabu iliyoyaleta imepotea. Michoro ya daraja kama la Kigongo–Busisi inachorwa kwenye kompyuta, injinia wa miaka sitini ijayo akitaka kukarabati nguzo anataka vipimo vyenyewe, utampa picha ya PDF? Na kugeuza fomati kunaweza kula data kimya kimya, Waingereza mwaka 2020 walikosa wagonjwa wa korona 15,841 kwenye takwimu za kila siku kwa sababu data ilipitishwa kwenye fomati ya zamani ya Excel ambayo inaishia mistari 65,536, iliyozidi ikaachwa bila kelele. Ndo maana unageuza lakini faili la mwanzo hulitupi.

"Mahakamani wanataka karatasi yenye muhuri"

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki. Mahakama itakachotaka kujua ni kama unaaminika, ulitunzwaje na nani aliweza kuugusa, kwahiyo ile hesabu ya tarakimu 64 na rejista ya nani kafungua faili lini sio mapambo.

"Nyaraka za serikali ni siri, raia hagusi"

Sio zote. Kwa kawaida zikifika miaka 30 zinafunguliwa kwa wasomaji, isipokuwa zilizozuiwa kwa sababu maalumu, na taarifa binafsi za watu zina ulinzi wake kwenye sheria ya 2022. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina kituo cha kanda hapa hapa Mwanza, kwahiyo nyie wa chuo cha SAUT mnaoandika tasnifu za Kanda ya Ziwa kwa kukopi kwenye mitandao, ombeni kibali mkasome wenyewe. Bebeni penseli, vyumba vingi vya kusomea nyaraka peni ya wino hairuhusiwi.