Kichanga ana kinga: unyumbufu si upungufu

Katika mabenchi ya kliniki za mama na mtoto, iwe Mtwara Mjini, Masasi au Nachingwea, kauli moja haikosi kusikika: "Mtoto mchanga hana kinga, usimtembezetembeze." Ushauri wenyewe ni mzuri, lakini sababu inayotolewa ina walakini.

Kinga ya mwili ni kazi ya seli za aina nyingi zinazotambua vijidudu, kuvimeza, kuviua na kuvikumbuka. Unyumbufu ni uwezo wa seli hizo kubadili tabia kulingana na mahali zilipo na kinachozikabili. Kinachoudhi ni kuugeuza unyumbufu huo kuwa upungufu.

Seli za kinga hazingoji mtoto azaliwe. Chembe za damu za mwanzo hutokea kwenye kifuko cha kiini, kifuko kidogo kinachoambatana na kiinitete, katika wiki ya 3 hivi ya mimba, kisha kazi hiyo huhamia kwenye ini la kijusi, na hatimaye kwenye uboho, yaani ute ulio ndani ya mifupa. Mikroglia, yaani seli zinazolinda ubongo, zina asili yake katika kifuko kile cha mwanzo na huendelea kujizalisha ubongoni bila kutegemea uboho. Kwa hiyo hata ile kauli ya darasani kwamba seli nyeupe zote hutoka kwenye uboho inahitaji marekebisho. Makrofaji nazo, yaani seli zinazomeza vijidudu, katika majaribio ya panya, zilipohamishwa kutoka kwenye uwazi wa tumbo hadi kwenye mapafu, zilianza kufuata mwenendo wa makrofaji za mapafu.

Mfano ulio wazi zaidi ni limfosaiti T za kijusi, yaani seli nyeupe zinazotambua vitu vigeni na kuongoza mashambulizi dhidi yake. Baadhi ya seli za mama huvuka kondo la nyuma na kuingia kwa mtoto, na limfosaiti hizo zikikutana nazo huelekea zaidi kuwa seli za kudhibiti, ambazo hutuliza mashambulizi badala ya kuyachochea. Huko ni kuvumilia, wala si kushindwa kupigana. Anayeita hali hiyo kukosa kinga ni sawa na anayesema mche wa mkorosho si mti kwa sababu haujazaa.

Wapo watoto, wachache sana, wanaozaliwa bila limfosaiti T zinazofanya kazi. Kwa hao neno "hana kinga" linakaribia ukweli, na chanjo yenye vijidudu hai kama BCG, ile ya kifua kikuu, inaweza kuwadhuru. Wengine wengi huchomwa BCG mapema begani kwa kuwa seli za kuipokea wanazo, huku kingamwili, yaani protini zinazonasa vijidudu, walizopewa na mama kupitia kondo zikiwasaidia kwa miezi ya mwanzo.

Muuguzi mwenye foleni ndefu hana nafasi ya kueleza haya yote, wala hatudai afanye hivyo. Aseme tu kwamba kinga ya mtoto bado inajifunza, kwa hiyo asogezwe mbali na wanaokohoa na arudishwe kwa chanjo za wiki ya 6.